Kundi Lisilosalimiana

Saa nne na dakika kumi na saba asubuhi, siku ya Jumatatu, simu yangu ilitetemeka juu ya meza ya kazi. Nilikuwa nimefungua mizani ya mnunuzi mmoja wa dhahabu, mizani ndogo ya kielektroniki iliyokuwa inaongeza uzito kwa kila kitu, hata sahani ikiwa tupu. Niliweka bisibisi chini, nikasoma. Ujumbe ulitoka kwenye namba nisiyoijua, kwa herufi kubwa: ILE HELA TUMA KWENYE NAMBA HII.

Kila mtu katika nchi hii anaujua ujumbe huo wa matapeli. Mimi pia nilikuwa naujua. Nilishaupokea mara nyingi kwa miaka mingi, na kila mara nilijibu kwa neno moja: "Ipi?" Sikuwa natania. "Ile" ni neno la kuonyesha kitu ambacho msemaji na msikilizaji wote wawili wanakijua. Mtu akiniambia ile hela, na hakuna hela yoyote ambayo mimi na yeye tunaijua pamoja, basi sentensi yake ina upungufu, na ni wajibu wake kuikamilisha. Hawakuwahi kunijibu. Nilikuwa nafuta ujumbe na kuendelea na kazi.

Jumatatu hiyo "ile" ilikuwa na kitu cha kuonyesha. Hela ilikuwepo, shilingi laki mbili na themanini na sita elfu, iliyochangwa na watu kumi na tisa kwa ajili ya safari ya mwanamke mmoja wa Ushirombo. Mimi ndiye niliyeitunza, na tangu saa tatu nilikuwa nimekaa nikisubiri kuambiwa pa kuituma. Saa nne na dakika ishirini na mbili niliituma yote.

Jina lililotokea lilikuwa la mwanamume, na niliyetarajia kumtumia alikuwa mwanamke. Niliona tofauti hiyo. Nikajiambia kwamba watu wengi hutumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya watoto wao, jambo ambalo ni kweli, nikabonyeza namba ya siri.

Nilizaliwa kijijini upande wa Shinyanga, katika nyumba ya wafugaji, na sasa nina miaka arobaini na minane. Nilisoma hadi darasa la saba. Yaliyobaki nimejifunza katika vitabu vilivyokwisha kutumika, nilivyokuwa nanunua kwa kilo, na baadaye kwenye simu. Natengeneza mizani: za dhahabu, za maduka, za pamba wakati wa msimu. Karakana yangu iko Kalangalala, mjini Geita, kati ya duka la vipuri na kibanda cha mama mmoja anayeuza wali na maharage.

Kwetu salamu ina hatua. Mdogo ndiye anayeanza. Anainama, anasema ng'wangaluka. Mkubwa anaitikia, kisha zinafuata habari za ukoo, za waliobaki nyumbani, za ng'ombe, za mvua. Ukiruka hatua unaonekana una kiburi. Ukirudia hatua unaonekana umelewa. Nilipokuwa na miaka tisa nilikuwa najificha nyuma ya zizi kila mgeni alipoonekana njiani. Bibi yangu alisema, "Huyu alizaliwa amekunja ulimi." Baba alisema machache zaidi na alitumia fimbo. Nikiwa na miaka kumi na minne niliandika hatua zote kwenye karatasi ya daftari. Zilikuwa saba. Nikazikariri kama jedwali la kuzidisha, na tangu hapo nimekuwa nikisalimia vizuri. Nimesalimia vizuri kwa miaka thelathini na minne, na kila jioni nikifika nyumbani misuli ya uso inaniuma. Mke wangu hunisogezea chakula na kuniacha saa nzima bila kuniuliza kitu. Sikumfundisha kufanya hivyo. Alitambua mwenyewe.

Neno usonji nililisikia redioni miaka mitano iliyopita. Daktari alikuwa anawaeleza wazazi dalili za watoto: mtoto hamtazami mtu usoni, anapanga vitu mstari mmoja, anaziba masikio, anaelewa maneno kama yalivyo. Niliacha kazi nikasikiliza hadi mwisho. Mtangazaji aliuliza wazazi wafanye nini. Hakuna aliyeuliza mtoto huyo akifika miaka arobaini na mitatu anakuwa wapi. Mimi nilikuwa najua. Anakuwa Kalangalala, anatengeneza mizani.

Nikaanza kutafuta. Majukwaa ya kwanza niliyoyakuta mtandaoni yalikuwa ya Kiingereza, nami niliyasoma kwa miezi minane, kamusi ikiwa mapajani. Watu wa huko waliandika mambo ambayo nilidhani ni yangu peke yangu: kelele inayoingia mwilini kama maji, nguo inayochoma mabegani, uchovu wa kuigiza kuwa mtu. Walikuwa na vifaa vya kuziba masikio vya bei ya pikipiki. Sisi tuna mashine za kusagia mawe ya dhahabu zinazonguruma tangu alfajiri. Niliandika swali moja tu, la kwanza na la mwisho. Niliuliza nifanyeje msibani, ambako watu mia wananipa mkono mmoja mmoja na akina mama wanalia kwa sauti. Wakanijibu kwa upole kwamba nisiende. Mmoja akaongeza kwamba kutokwenda ni haki yangu. Niliifikiria haki hiyo siku tatu. Kisha akafa jirani, nikaenda kuchimba kaburi, na jukwaa lile sikulifungua tena.

Kundi la Kiswahili nililipata kwa bahati, chini ya habari fulani ambayo watu walikuwa wanaitolea maoni. Mwanamke mmoja alikuwa ameandika: "Mimi ni mtu mzima, nina usonji, nashona sare za shule Nyasubi, Kahama. Mwingine yupo?" Nikamwandikia, "Yupo." Akaniingiza kwenye kundi.

Tulikuwa watu thelathini na mmoja, wengi wa Kahama, Shinyanga, Geita na Bukombe. Kundi halikuwa na jina. Mshonaji alisema jina lingeleta ubishi wa wiki mbili, kwa hiyo mahali pa jina aliweka nukta. Masharti aliyaandika juu kabisa:

"Hapa hakuna salamu. Anza na jambo lenyewe. Asiyejibu hajakasirika. Usitume picha za maua."

Niliposoma mstari wa kwanza nilikaa chini. Siku hiyo sikuandika chochote, nilisoma tu. Mtu mmoja aliuliza namna ya kuondoa lebo ya shati bila kuacha kipande kinachochoma, mshonaji alimjibu kwa maelezo ya ukurasa mzima, na ujumbe wa kwanza wa jibu hilo ulikuwa: "Chukua wembe mpya." Hapakuwa na habari za asubuhi, wala vipi hali, wala pole na majukumu. Mwalimu mmoja wa hisabati aliandika kila siku ya soko saa ambayo spika za wauza nguo zinawashwa na saa zinapozimwa, ili wengine wajue wakati wa kununua nyanya. Waliniita Mizani. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa mahali penye watu, jioni ikafika bila uso kuniuma.

Mwanamke wa Ushirombo alikuwa anaandika juu ya ng'ombe. Ana miaka thelathini na mmoja na anaishi kwa kaka yake mkubwa, nje kidogo ya mji. Kila jioni alituma taarifa ya zizi: nani amekula, nani amekohoa, nani amegombana na nani. Alijua ng'ombe wote kwa pembe, kwa mabaka, kwa mwendo. Mimi sipendi ng'ombe, lakini nilisoma kila taarifa. Ilikuwa kazi safi.

Jioni moja aliandika hivi: "Kaka amesema mwezi ujao napelekwa kwa mganga nikae huko hadi nipone. Mtamba wa malipo ameshachaguliwa. Ni yule mwenye baka jeupe begani. Sitaki aende."

Mwalimu akauliza, "Hutaki nani aende? Wewe au mtamba?"

Akajibu, "Wote wawili."

Tulimuuliza maswali kwa siku mbili. Kaka yake hakuwa mtu mkatili. Alikuwa amechoka kusikia majirani wakisema ana kichaa nyumbani, na mganga alikuwa amemwahidi kwamba miezi sita inatosha. Wengine waliowahi kupelekwa huko walikuwa wamefungwa kamba, naye alijua, kwa sababu mmoja alikuwa binamu yao. Kaka alikuwa ameweka sharti moja tu: dada yake akimletea karatasi ya daktari wa kweli, yenye muhuri, inayosema ana kitu gani, basi habari ya mganga itakufa.

Mshonaji alimjua mama mmoja, nesi mstaafu aliyeko Mwanza, na nesi alimjua daktari anayewaona watu wa namna yetu siku za Alhamisi. Nafasi ikapatikana Alhamisi ya mwisho kabla ya mwezi kuisha. Kilichobaki kilikuwa nauli ya dada na ya shangazi yake wa kumsindikiza, malazi, na gharama za hospitali. Watu kumi na tisa walichanga. Nilichaguliwa kutunza hela kwa kura zote, na sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba mtu wa mizani haibi. Jumatatu ya wiki hiyo nesi, ambaye angelipia malazi na hospitali na kuwatumia wasafiri nauli, alitakiwa atutumie namba ya kupokelea.

Namba yake ilikuja saa nne na dakika thelathini na moja. Mshonaji aliandika kwenye kundi: "Mizani, ya nesi ni hii." Niliilinganisha na ile niliyotumia, tarakimu kwa tarakimu. Zilifanana tatu za mwanzo tu.

Nilipiga simu huduma kwa wateja. Nilibonyeza moja, kisha mbili, kisha tisa. Binti aliyepokea alianza kunisalimia, nami nikamwambia kwamba kila sekunde ina thamani. Akasema, "Pole sana mpendwa mteja," akaniomba nisubiri, muziki ukapiga. Aliporudi alisema hela ilitolewa kwa wakala dakika nne baada ya kufika. Polisi waliandika maelezo yangu vizuri. Ofisa aliyeandika alikuwa kijana. Alinisoma usoni, akauliza, "Mzee wangu, ile hela? Ile ile?" Nikasema ndiyo. Akamwita mwenzake wa chumba cha pili, "Njoo umsikie mzee, bado wapo!"

Mama wa wali alikuwa ameshasikia kabla sijarudi. Sijui kwa njia gani. Alikuwa anachambua mchele mlangoni kwake.

"Fundi, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Tuma kwenye namba hii? Wewe?"

"Mimi."

"Bibi yangu hajui kusoma, lakini hiyo anaijua. Fundi, kutwa unawapimia watu mizani zao, ya kichwani kwako umempelekea nani aitengeneze?" Alicheka hadi ungo ukayumba, kisha akaacha ghafla. "Ilikuwa nyingi?"

Nikamwambia kiasi. Akaendelea kuchambua mchele. Baadaye akasema, "Lakini Fundi, tapeli ana alama. Hasalimii. Mtu anayekujua hawezi kukuomba hela bila shikamoo, bila habari za nyumbani. Hiyo ndiyo tunayomtambulia. Wewe hukuona kwamba hajakusalimia?"

Nilisimama pale nikiwa na funguo za karakana mkononi. Nilikuwa nimeona, na ndiyo maana nilimwamini. Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu watu pekee walioniandikia bila kunisalimia walikuwa watu wangu. Ujumbe usio na salamu, unaoanza na jambo lenyewe, wenye "ile" iliyokaa mahali pake: kwangu hiyo ilikuwa sauti ya nyumbani.

Saa nane mchana niliandika kwenye kundi. Niliandika saa ya ujumbe, maneno yake, sababu zangu tatu za kuamini, saa ya kutuma, saa ya kugundua. Sikuomba msamaha kwa sababu sikujua uwekwe wapi katika mpangilio ule.  Baada ya dakika sita mwalimu akauliza, "Aliandika ILE au HIYO?"

"ILE."

"Mimi ningetuma," akaandika.

"Ningetuma," akaandika mwingine.

Wakafuatana. Nilihesabu kumi na mmoja. Hakuna aliyesema pole, wala hakuna aliyesema Mungu atalipa. Kisha mtu mmoja, mzazi aliyeingia kundini mwezi uliotangulia, akaandika: "Habari zenu wapendwa. Msidanganywe. Mhazini amekula." Akatoka, na mwingine mmoja akatoka naye. Nilisoma ujumbe huo mara nyingi kuliko yale majibu kumi na moja. Nadhani kila mtu angefanya hivyo.

Mwanamke wa Ushirombo alikuwa wa mwisho kuandika. "Zimebaki siku tatu hadi Alhamisi. Nimemweleza kaka. Amesema watu wa kwenye simu wote ni matapeli, na kama kuna mmoja mwenye uso, aje amwone."

Mshonaji alinipigia simu. Hatukuwahi kuzungumza kwa sauti. Nilipokea, akasema, "Habari za mchana, kaka, hamjambo huko," halafu akasita. Nikasikia cherehani yake imesimama.

"Samahani," akasema. "Mdomo umezoea."

"Wangu pia."

"Utafanyaje?"

"Nitakwenda."

"Na hela?"

"Nina mawe."

Mawe ya mizani ni vipande vya chuma na shaba vyenye uzito unaojulikana. Huwezi kuhakiki mizani bila mawe, na mawe yakiwa na makosa kazi yako yote ina makosa. Yangu yalikuwa katika sanduku la mbao lililotandikwa kitambaa cha kijani, tangu kipande kidogo kama punje ya mtama hadi cha kilo mbili. Niliyakusanya kwa miaka kumi na moja. Sikuwahi kuyashika kwa vidole vitupu, kwa sababu jasho lina uzito. Jumanne asubuhi nilimpelekea fundi mwenzangu wa mtaa wa pili, ambaye alishayataka mara mbili. Aliokota kipande cha gramu hamsini kwa vidole vyake, akakirusha kidogo juu, akakidaka. Akanipa laki tatu na kumi elfu. Sikumwambia kitu juu ya vidole.

Jumatano nilipanda basi la kwanza. Nilikuwa nimemwambia dada nitafika saa tatu, nikafika saa tatu na dakika kumi na mbili. Kaka yake alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, mtu mpana, mtulivu, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi. Ng'ombe walikuwa bado zizini. Niliinama, nikaanza hatua ya kwanza. Nilizipita zote saba, kwa Kisukuma, bila kuruka na bila kurudia: ukoo, nyumba, watoto, ng'ombe, mvua. Aliitikia mhola, mhola, akinitazama kwa makini zaidi kila hatua. Nilipomaliza alikuwa ameshakunja uso.

"Wewe ndiye wa kwenye simu?"

"Ndiye, kaka."

"Na unasema una hicho hicho alicho nacho dada yangu?"

"Hicho hicho."

"Basi mnanidanganya. Huyu hanisalimii mimi niliyemlea. Wewe umenisalimia vizuri kuliko wanangu wa kuwazaa. Kama ni kitu kimoja na wewe umepona, basi kinapona. Nani alikuponya?"

Sikuwa nimelitarajia hilo. Katika mipango yangu yote ya safari, salamu ilikuwa kitu cha kunisaidia. Nikaamua kusema jinsi ilivyo.

"Sijapona. Nimekariri. Zipo saba. Ya kwanza kuinama, ya pili ng'wangaluka, ya tatu ukoo, ya nne waliobaki nyumbani, ya tano watoto, ya sita ng'ombe, ya saba mvua. Niliziandika nikiwa na miaka kumi na minne ili baba aache kunichapa."

"Umekariri? Kama wimbo wa shule?"

"Kama jedwali la kuzidisha."

 Akaanza kucheka kwa tumbo, akikohoa, akipiga goti lake. "Kwa hiyo uliponiuliza ng'ombe hawajambo, hukutaka kujua?"

"Hapana, kaka. Lakini dada yako anataka kujua. Ananiandikia kila jioni. Yule mwenye pembe iliyovunjika anachechemea mguu wa nyuma wa kulia tangu Jumapili."

Akaacha kucheka. "Hakuna anayechechemea humu."

"Ameandika hivyo."

Aliinuka, akaenda zizini. Alikaa huko kama dakika kumi. Nilisimama nilipokuwa. Dada alitoka jikoni, mwanamke mrefu mwenye kanga iliyofungwa shingoni, akasimama hatua nne kutoka kwangu akitazama paa la nyumba.

"Ulisema saa tatu," akasema.

"Nimechelewa dakika kumi na mbili. Basi lilisimama kupakia magunia."

"Sawa."

 Kaka akarudi, kiatu chake kimoja kimechafuka kinyesi cha ng'ombe. Hakunitazama, alimtazama dada yake.

"Mwiba," akasema. "Umeingia ndani kabisa. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia Jumapili. Ulisema kwanza nikuamkie."

Akakaa kwenye kigoda. Akavua kile kiatu, akakigonga chini, akakivaa tena. "Nendeni," akasema. "Lakini nataka muhuri. Maneno matupu sitaki, nayo mengi yapo."

Tulisafiri watatu kwenda Mwanza, mimi, dada na shangazi yao, ambaye alisali kwa sauti tulipokuwa tunavuka ziwa. Alhamisi tulikaa kwenye benchi kuanzia saa moja hadi saa tano. Kliniki ilikuwa ya watoto. Kuta zilichorwa wanyama, na benchi lenyewe lilikuwa fupi, magoti yakatufikia kifuani. Daktari alikuwa kijana aliyechoka kuliko mimi. Alisema fomu za watu wazima hazipo, akajaza iliyokuwepo.

"Jina la mtoto," akasoma, akajikuta anacheka kwa aibu. "Samahani, dada. Anasoma chekechea gani... hapa naruka."

"Usiruke," dada akasema. "Andika hasomi. Ana miaka thelathini na mmoja."

Akaandika hivyo. Maswali yalichukua karibu saa mbili, yule nesi mstaafu akiwa upande mmoja na shangazi upande wa pili. Mwishoni daktari aliandika nusu ukurasa, akapiga muhuri. Dada aliinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha. "Ukingo wa kulia haukushika wino," akasema. Daktari akapiga mwingine pembeni yake. Nilipokuwa natoka aliniuliza kama na mimi nilitaka karatasi.  Nikamwambia asante, hakuna anayeniomba.

Kaka hakuisoma. Aliitazama mihuri miwili, akaigeuza, akatazama nyuma, akaikunja na kuiweka kwenye sanduku la bati pamoja na vibali vya mifugo. Mganga alitumiwa ujumbe. Mtamba mwenye baka jeupe alibaki zizini, na dada anaendelea kutuma taarifa kila jioni. Kaka bado anamwita mgonjwa wetu mbele ya wageni, lakini asubuhi, kabla ng'ombe hawajatoka, anamuuliza wana hali gani, na salamu hamdai. Sijui kama hilo ni badiliko kubwa. Nimechoka kupima mambo ya namna hiyo.

Kundi lilijadili sharti jipya kwa wiki mbili kamili, kama mshonaji alivyotabiri juu ya jina. Mwalimu ndiye aliyeleta hoja: kwa kuwa matapeli hawasalimii, kila anayetaka hela miongoni mwetu aanze na shikamoo, habari za nyumbani na habari za kazi, zote tatu, kwa mpangilio. Ikapita. Sasa mstari wa kwanza unasomeka hivi: "Hapa hakuna salamu, isipokuwa kwenye hela."

Nilimsimulia mama wa wali. Alikuwa ananiwekea maharage. "Kwa hiyo sasa mtu akikusalimia unajua anataka hela?"

"Ndiyo."

"Basi karibu, Fundi," akasema. "Na sisi huku ndivyo tunavyoishi."

Watu wa kundi walitaka kuchanga tena wanirudishie. Nilikataa, kwa sababu kosa lilikuwa katika kipimo changu. Mizani ya mteja ikihitaji kuhakikiwa, naazima mawe kwa yule niliyemuuzia. Yameanza kuwa na alama za vidole. Nayafuta kabla ya kuyatumia na kabla ya kuyarudisha, naye ananiuliza nafuta nini. Polisi hawajanipigia, na ile namba haipatikani tena. Nilichopoteza, pamoja na makato ya kutuma, ni shilingi laki mbili na tisini elfu.